Baada ya Salamu

Siku Mwalimu Aregae alipoishiwa na maneno mbele ya ubao, alikuwa anafundisha uzito. Alishika mizani ya springi mkono mmoja na chaki mkono mwingine, kidato cha pili kizima kikisubiri jiwe litundikwe. Akamwelekezea kidole mvulana wa dawati la mbele, akamwuliza, "Ejore, kabla ya kutundika jiwe tunaangalia nini?" Mvulana yule hakuwa Ejore. Ejore alikuwa mtoto wa mwalimu mwenyewe, aliyepanda lori la kwenda Juba kama utingo wakati wa mvua za mwaka jana, na tangu lori livuke mpaka hakuna aliyemsikia tena.

Darasa likanyamaza. Mwalimu naye akanyamaza, na kunyamaza kwake hakukuisha. Alibaki ameinua mizani hewani mpaka kengele ikalia, na wanafunzi, ambao siku nyingine wangetimka kama mbuzi waliofunguliwa zizi, hawakuthubutu kuinuka. Bwana Lokiru, naibu wa mwalimu mkuu, ndiye aliyekuja kumshika mkono na kumwongoza hadi ofisi ya walimu. Walivuka kiwanja mchana kweupe, shule nzima ikichungulia madirishani. Aregae alifundisha fizikia Lodwar tangu baadhi ya walimu wenzake wakiwa hawajazaliwa, na leo alikuwa anavushwa kiwanja kama kipofu. Aliisikia aibu hiyo hata kabla sauti haijamrudia.

Mwalimu mkuu alizungumza naye kwa upole, na upole huo ndio uliomkera zaidi.

"Mwalimu, pumzika kidogo. Nenda uone mwanasaikolojia. Akisema uko sawa, rudi hata kesho yake. Lakini bila neno lake siwezi kukupa darasa. Watoto wameogopa."

"Mwanasaikolojia," alisema Aregae. "Unanituma kwa mtu ambaye hana hata rula."

Hakuwa anafanya mzaha. Kwa Aregae, sayansi ilikuwa kitu unachokipima leo, ukakipima kesho, na jibu likaja lile lile hata kama aliyepima ni adui yako. Mengine yote yalikuwa maneno mazuri ya watu waliokaa kivulini. Alimwambia hivyo binti yake Akaale alipochagua kusomea saikolojia chuo kikuu, na mpaka leo alikuwa hajayafuta maneno hayo. Akaale sasa alifanya kazi Kakuma, katika shirika lililohudumia wakimbizi pamoja na vijiji vya karibu. Watu wakimwuliza Aregae binti yake anafanya nini, alijibu, "Yuko na wakimbizi," halafu akaanza kulalamikia joto.

Nyumbani, mtaa wa Kanamkemer, habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe Carol alikuwa dukani kwake, chumba kile kidogo kilichoungana na nyumba, akipanga sabuni kwenye rafu. Hakugeuka.

"Utaenda," alisema.

"Hiyo si sayansi, Mama Akaale."

"Mimi nilikuuliza kama ni sayansi? Nilisema utaenda. Hii nyumba imekuwa kimya mpaka kuku inaogopa kuingia."

"Basi nitaenda. Lakini si hapa Lodwar, watu wote waone."

"Utaenda kwa mtoto wako, Kakuma. Huko nani anakujua?"

Jioni ilipofika, Aregae alitoka akaenda nyuma ya nyumba, kama alivyofanya kila jioni, akapiga nambari ya Ejore. Aliyepokea alikuwa yule mwanamke wa simu, asiyechoka: samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Aregae alikata, akatazama skrini, akairudisha simu mfukoni. Alikuwa amejiambia siku nyingi kwamba anapima netiweki tu.

Alirudi ndani. Carol alimwuliza, "Ejok?" kwa namna watu wa hapa wanavyojuliana hali. "Ejok," akajibu Aregae, yaani mambo ni mazuri. Wakala, wakalala.

*

Kule Kakuma kusikokuwa na wa kumjua, anayemjua alimngoja getini. Mlinzi wa shirika alikuwa Ekai, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye Aregae aliwahi kumwambia mbele ya darasa kwamba kwa alama zile atafungua mageti maisha yake yote. Ekai alifungua geti huku akitabasamu kwa furaha ya kweli, bila kinyongo chochote, na hilo lilimfanya Aregae atazame viatu vyake.

"Mwalimu! Ejok?"

"Ejok nooi."

"Umekuja kuona Akaale?"

"Nimekuja kumsalimia tu."

"Basi pita ile mlango ya ofisi. Hii benchi ni ya wale wanakuja kupimwa akili."

Aregae alipita mlango wa ofisi. Akaale alimkumbatia, akamshika mabega, akaona jinsi shati lilivyomlegea shingoni. Alitamani kumketisha pale pale amwulize yote, lakini kazi yao haikuruhusu mtu kumhudumia mzazi wake. "Atakuona mwenzangu Firmin, baba. Amesomea Bukavu, Kongo, kabla vita havijamtoa kwao. Ni mtu mzuri. Ungoje tu kwenye benchi." Kwa hiyo Aregae alitoka kwa mlango ule ule na kwenda kukaa kwenye benchi, macho kwa macho na geti. Ekai alimwona. Kisha akageuka upesi, akajifanya anakagua kufuli.

Pembeni mwake aliketi mama wa Kisomali aliyejitaja kuwa ni Ebla.

"Mzee, mara ya kwanza?" aliuliza.

"Mimi si mgonjwa."

"Na mimi si mgonjwa. Nyumbani siwezi kulia, watoto wanaona. Nakuja hapa, nalia, narudi napika." Akajitandazia vizuri jilbabu yake magotini. "Huyo kijana anasikia mtu. Wewe ongea tu."

Aregae alitaka kumwuliza kilio hicho kinapimwa kwa kipimo gani, lakini jina lake likaitwa.

Chumba cha Firmin kilikuwa na viti viwili vya plastiki, jagi la maji na feni iliyokuwa inazunguka bila haraka. Firmin alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya chini.

"Karibu papa, ikala," alisema akimwonyesha kiti. "Mi naitwa Firmin. Usiogope, hapa hatupigake mutu sindano."

"Siogopi."

"Ejok?" Firmin alikuwa amejifunza salamu hiyo, na aliisema kwa fahari.

"Ejok nooi."

"Muzuri. Sasa, papa, nitakuuliza maswali. Kama hapana kabisa, unasema sifuri. Kama ni kidogo, moja. Kama ni mingi, mbili. Kama ni kila siku, tatu. Tuanze. Unakosaka usingizi?"

"Sifuri."

"Chakula inapotezaka ladha mu kinywa?"

"Sifuri."

"Unasikiaka kifua inabeba kitu ya kulemea?"

"Sifuri."

"Kuko kitu unarudiliaka kila siku, hata kama unajua haitasaidia?"

Aregae alitazama feni. Ilizunguka, ikakwama kidogo, ikazunguka tena.

"Sifuri," alisema.

Hakuwa amekusudia kudanganya, tumpe haki yake. Lakini mtu ametoka kukusalimia sasa hivi, hata kiti hakijapata joto, hujui baba yake wala mbuzi wake. Utaanzaje kummwagia ya nyumbani kwako? Ulimi ulijibu kwa adabu ulizofunzwa, na adabu hizo zilisema ejok nooi, mambo ni mazuri sana. Maswali yalipoisha, Firmin aliweka kalamu chini.

"Papa, yote ni sifuri."

"Kipimo ni chenu," alisema Aregae, akainuka. Alijisikia kama mtu aliyeshinda kesi.

*

Akaale alikuwa amepanga chumba kimoja mjini, si mbali na barabara kuu. Alipika chapati na maharagwe, akaweka viti nje mlangoni, kwa kuwa ndani kulikuwa bado kuna moto wa mchana. Baba yake aliimega chapati moja, akaizungushazungusha kwenye sahani, akairudisha.

"Huyo Firmin aandike sasa," alisema. "Kipimo chenu kimesema mimi mzima. Jumatatu niko darasani."

"Ataandika, baba. Hana njia nyingine."

"Sasa mbona umenuna?"

Akaale alimsogezea sahani ya maharagwe. Jua lilikuwa linashuka, na Aregae alianza kupapasa mfuko wake. Akasema anakwenda kunyoosha miguu. Akaale alimwona akizunguka ukuta, na ukuta ulikuwa wa mabati, hauzuii sauti. Samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Ejore alikuwa mdogo wake, ambaye yeye alimbeba mgongoni. Akaale naye alikuwa na nambari hiyo hiyo kichwani, isipokuwa yeye alikuwa ameacha kuipiga kwa kuogopa.

Baba aliporudi alimkuta binti yake analia waziwazi.

"Nilikuwa napima netiweki," alisema upesi.

"Baba, hulali. Mama ameniambia. Suruali umeifunga kwa kamba. Kila jioni unampigia Ejore. Na mimi nimekaa miaka nikitunga yale maswali, nikayaweka kwa Kiswahili, nikayaweka kwa Kiturkana, halafu yanakupima wewe, baba yangu, ninayekujua, yanasema huna kitu." Alijifuta uso kwa leso. "Labda ulikuwa na haki. Si sayansi. Nitarudi nyumbani nimsaidie mama kuuza sabuni."

Aregae aliketi polepole. Alikuwa ameyangojea maneno hayo miaka mingi, na sasa yalipokuja hayakuwa na utamu wowote.

"Ni mimi peke yangu nimepata sifuri?" aliuliza.

"Si wewe peke yako. Wakimbizi wanajibu, wanaongea. Tukienda vijijini kwa watu wetu, wote sifuri. Mama amezika watoto, sifuri. Mzee ameibiwa mifugo yote, sifuri. Sasa wakubwa wanasema Waturkana wamezoea shida, hawaumii. Wanataka watutoe vijijini, turudi kambini tu."

"Nani amesema hatuumii?"

"Si mtu, baba. Ni majibu."

"Majibu gani!" Aregae alipiga goti lake kwa kiganja. Sauti ilikuwa ile ya darasani, ambayo Akaale alikuwa hajaisikia siku nyingi. "Subiri. Usilie kwanza. Mnaanzaje mkifika kwa mtu?"

"Tunamsalimia."

"Halafu?"

"Halafu tunauliza maswali."

"Hapo hapo?"

"Watu ni wengi, baba. Gari linangoja."

Aregae aliangua kicheko kikavu. "Na wewe ni mtoto wa hapa! Chuo kimekusahaulisha? Mtu wetu ukimwuliza ejok, atakuambia ejok hata kama boma linaungua nyuma yake. Anakaa. Anakunywa chai. Mnaongea mvua, mnaongea malisho, unamwuliza wa kwao, anakuuliza wa kwenu. Salamu zikiisha kabisa, ndipo anasema, lakini kuna neno kidogo. Hilo neno kidogo ndilo limemleta. Nyinyi mkifika mnauliza maswali yenu ndani ya salamu. Mnapima adabu ya mtu! Mizani kama hiyo mwanafunzi wangu akiniletea namrudisha. Kabla ya kutundika jiwe tunaangalia nini? Tunaangalia mshale! Kama mshale umekwama kwenye sifuri, utatundika jiwe, utatundika hata ngamia, utasoma sifuri, halafu utasema ngamia hana uzito!"

Alikuwa amesimama, mkono juu, vidole vimeshika mizani isiyokuwepo. Akaale aliacha kulia. Alimtazama baba yake, akangoja, kwa sababu alikuwa ameshaona baba yake anakokwenda, na alijua ni lazima afike mwenyewe.

"Kwa hiyo kipimo ni kibovu," alisema Aregae, sauti ikipungua. "Kilichosema mimi mzima ni kibovu."

Mkono ukashuka.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Angechukua ile sifuri yake, akarudi shuleni Jumatatu, na nani angemwuliza? Lakini Aregae hakuwahi kuiba jibu maishani mwake. Alikuwa amefukuza watoto darasani kwa kuandika namba wanayoitaka badala ya namba waliyoisoma. Alikaa, akashika kichwa.

"Akaale."

"Naam, baba."

"Jiwe lipo."

"Najua, baba."

"Mimi si mzima. Silali. Namtamani mtoto wangu. Natamani aingie sasa hivi, nimgombeze kwa kuniacha hivi, nimgombeze mpaka majirani waje. Nikipiga ile simu, kabla yule mwanamke hajaanza kuongea kunakuwa na kimya kidogo. Kidogo sana. Ninapiga kwa ajili ya hicho kimya. Hapo ndani nakuwa nafikiri ni yeye anavuta pumzi ajibu."

Akaale alisogeza kiti chake karibu, akaweka mkono juu ya mkono wa baba. Chapati zilipoa na hakuna aliyezijali.

Baadaye kidogo Aregae alipenga kamasi. "Sijasema ni sayansi," alisema. "Nimesema mizani irekebishwe."

*

Asubuhi Ekai alifungua geti na kuwahi kutazama pembeni, asimwaibishe. Aregae alisimama mbele yake.

"Ekai, jana nilikudanganya. Sikuja kusalimia. Nimekuja kupimwa."

"Hakuna shida, Mwalimu. Hata mimi nilikaa hiyo benchi," alisema Ekai.

Firmin alishamsikiliza Akaale. Safari hii hakuwa na kalamu. Alikuwa na chupa ya chai, na mazungumzo yao yalikwenda mbali: barabara, mvua iliyonyesha upande wa pili wa milima ikawaruka, mahindi ya dada yake Aregae kule Katilu yanayonyweshwa kwa mto. Aregae naye aliuliza habari za Bukavu, na akaambiwa kuhusu ziwa, na mama yake Firmin aliyebaki huko, ambaye simu yake nayo haishikwi. Chupa ilipokuwa imebaki nusu, Firmin aliuliza kwa sauti ile ile ya chini, "Papa, sasa, ejok?"

"Kuna neno kidogo," alisema Aregae.

Alitoka humo macho yamevimba. Firmin hakuweza kumwandikia kwamba yuko tayari kwa darasa, na alimweleza hivyo bila kuzunguka: muhula huu asishike chaki, na kila wiki aje. Aregae alitikisa kichwa kukubali. Iliuma. Alijua Bwana Lokiru atachukua kidato cha pili, na Bwana Lokiru hakuwahi kuangalia mshale.

Carol alikuwa amefunga duka mapema siku mumewe aliyorudi. Alimwekea kigoda uani, akamimina chai.

"Ejok?"

"Ejok."

Alingoja mumewe anywe, ainuke aende nyuma ya nyumba. Hakuinuka. Alianza kumsimulia barabara ilivyofunikwa na mchanga, na Ekai wa geti, na mama wa Kisomali anayelia halafu anarudi kupika. Carol alisikiliza huku birika likiwa bado mkononi, kwani tangu mwaka jana mtu huyu alikuwa hajamsimulia lolote. Vikombe vilipokauka, Aregae aliweka chake chini.

"Mama Akaale. Ejok?"

"Si nimekuuliza?"

"Nimekujibu mimi. Wewe sijakuuliza. Na ningekuuliza wakati ule ingekuwa salamu tu."

Carol aliweka birika chini. Akakaa. Alitazama mlango wa duka.

"Jioni ukienda huko nyuma, mimi najua," alisema. "Nasikia ile mwanamke ya simu. Nangoja umalize, urudi, ukae. Halafu naenda dukani najifanya napanga sabuni. Napiga. Kila siku mimi naona labda Ejore anaogopa kukushikia wewe, juu ya ukali yako. Lakini mimi atanishikia."

Miezi yote hiyo ukuta mmoja tu ulikuwa umewatenga, kila mtu na simu yake. Aregae alitoa yake mfukoni, akaweka sauti kubwa, akaiweka chini katikati ya vikombe viwili, na kuisukuma upande wa mkewe. Jua lilikuwa limefika saa yake.

"Piga wewe," alisema. "Labda wewe atakushikia kweli."

Carol alibonyeza nambari bila kuitafuta. Kile kimya kidogo kikaja, na wote wawili wakainamia simu. Kisha yule mwanamke akaanza kuomba samahani. Walimsikiliza kwa Kiswahili mpaka mwisho, wakamsikiliza na kwa Kiingereza, na simu ilipokatika hakuna aliyeinuka.